Ng'ombe asiuzwe kwanza: maswali yenu kuhusu macho ya watoto na kusoma

Barua za mwezi huu zimenijia kama mvua ya Kakamega, kila alasiri inanyesha, na karibu zote zinauliza jambo moja. Nadhani ni kwa sababu ripoti fomu zimefika nyumbani na kila mzazi anatafuta wa kulaumu, sasa zamu imeangukia macho. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mpima macho, si daktari wa upasuaji, ingawa hata watu wa boda huku kwetu Kisumu wananiita daktari na nimechoka kuwasahihisha.

Habari ya kazi daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Manyatta, Kisumu. Kijana wangu wa pili ana miaka 9, yuko gredi ya 4, na kusoma kwetu ni vita. Anaruka mistari, anakisia maneno, akiona "baba" anasoma "dada". Mwalimu alisema ni macho. Nikampeleka duka la miwani tauni, wakampima dakika tano hivi kwa ile chati wakasema macho yako 6/6, hana shida. Jirani akanielekeza kliniki ingine ya kibinafsi, hao wakasema macho hayaongei na ubongo, anahitaji therapi ya macho vipindi 36, kila kipindi shilingi 2,500, na nilipe nusu kabla ya kuanza. Hiyo ni elfu 90! Baba yao anasema tuuze ng'ombe iliyo nyumbani Nyakach. Niambie ukweli kabla ng'ombe iende. Mama Junior.

Mama Junior, ng'ombe asiende mahali kwanza. Akae hapo Nyakach ale nyasi.

Wacha nianze na hiyo 6/6 manake inawachanganya wengi. Ile chati ya herufi kubwa juu na ndogo chini ilitengenezwa na daktari Mholanzi anaitwa Snellen mwaka 1862, na 6/6 maana yake tu ni kwamba mtoto akisimama mita 6 anasoma kile ambacho jicho zuri linafaa kusoma kwa mita 6. Basi. Ni kipimo cha mbali. Kinakuambia ataona ubao. Sasa kijana wako halii na ubao, analia na kitabu, na kitabu kiko sentimita 30 hivi kutoka puani, kwa hivyo waliompima dakika tano hawakukudanganya, walijibu swali ambalo wewe hukuuliza.

Kuna watoto wengi ambao wanaona mbali vizuri kabisa lakini karibu wanateseka. Mtoto ana lenzi laini ndani ya jicho, ina nguvu, ikiwa jicho lake lina shida ya kuona karibu yeye anakaza tu hiyo lenzi na chati anaisoma yote, unampongeza, mnaenda nyumbani. Kumbe anakaza siku nzima darasani na ikifika saa nane kichwa kinauma na kitabu hakitaki tena. Ndio maana kwa mtoto kipimo kamili lazima kiwe na matone ya kulegeza hiyo lenzi na kupanua mboni. Yanawasha sekunde chache, mtoto atalia kidogo, utangoja kama nusu saa hivi kwenye benchi, halafu mpimaji anaangalia ndani ya jicho kwa kifaa chenye mwanga na anapata namba ya ukweli bila hata kumuuliza mtoto kitu. Baadaye karibu atakuwa anaona ukungu mpaka jioni, pengine hadi kesho yake, na jua litamsumbua, kwa hivyo beba kofia na usimpeleke siku ya mtihani. Kama wamempima bila matone, bila kumpima karibu, bila kuangalia macho mawili yanavyofanya kazi pamoja, mimi naita hiyo nusu kipimo. Na kama ulitoka na miwani ya bei kali baada ya nusu kipimo, pole.

Wewe uko karibu. Nenda hospitali ya Jaramogi, pale wazee bado wanapaita Russia, uulizie kitengo cha macho, au panda gari ya Vihiga uende hospitali ya macho ya Sabatia. Sema hivi kwa mdomo wako: nataka mtoto apimwe kwa matone, na apimwe kusoma karibu. Usione haya, ni haki yako.

Sasa hiyo elfu 90. Therapi ya macho, yaani mazoezi ya kufanya macho mawili yafanye kazi pamoja, sio uongo wote, soma barua ya baba wa Lanet hapo chini utaona mahali inasaidia. Lakini kuna ugonjwa wa macho na kuna shida ya kusoma, na watu wa biashara wanapenda sana kuvifunga pamoja kama omena na sukuma. Marekani walifanya utafiti mzuri, ukatoka 2019, watoto 311 wa miaka 9 hadi 14 ambao macho yao kweli yalikuwa yanashindwa kukutana karibu. Wengine walipewa therapi yenyewe wiki 16, wengine wakapewa therapi ya kuigiza, yaani mazoezi yanayofanana lakini hayana nguvu, na wazazi hawakujua mtoto wao yuko upande gani. Mwishoni wakapimwa kuelewa wanachosoma. Pande zote mbili zilikuwa zimesonga mbele kiasi, ila ile ya therapi haikuishinda ile ya kuigiza. Na hao walikuwa na ugonjwa wa macho! Sembuse mtoto ambaye hata hajapatikana nao. Madaktari wa watoto na wa macho huko Marekani walishatoa tamko la pamoja 2009 kwamba mazoezi ya macho na miwani ya rangi hayatibu disleksia, ile shida ya kusoma, wala shida zingine za kujifunza, na hawajabadilisha. Hiyo miwani ya rangi ilianza kutangazwa miaka ya themanini na bado inauzwa, ukiambiwa ununue ya bluu ndio herufi zikae kitako, toka polepole.

Disleksia haiko kwenye jicho. Iko kwenye kazi ya ubongo ya kugeuza herufi kuwa sauti. Jicho linaona "baba" vizuri sana, na kama mtoto wa miaka 5 au 6 anageuza b na d usijali, karibu wote hufanya hivyo wakianza, lakini kwa miaka 9 inafaa kuangaliwa.

Fanya hii kitu leo jioni, haina gharama. Chukua karatasi ya kalenda ya zamani, igeuze nyuma, mwandikie kwa makapeni neno moja herufi kubwa kama kiganja chako, tuseme "daraja", umwekee mezani. Akilisoma mara moja lakini kwenye kitabu neno hilohilo linamshinda, basi macho yana kesi ya kujibu. Akikwama hata kwa herufi za ukubwa wa sahani, hapo shida si ukungu, hakuna miwani wala zoezi litamsomea. Halafu mjaribu kwa Dholuo pia, kwa sababu nimeletewa watoto wanaoitwa wajinga kumbe Kiingereza cha kitabu ndicho hakijawaingia, akisomewa hadithi kwa lugha ya nyumbani anajibu kila swali na kuongeza ya kwake. Jaribio la kalenda halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali, lakini litakusaidia kujua unaulizia nini.

Macho yakitoka sawa, au akipata miwani na kusoma kukabaki vilevile baada ya muhula, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako uulizie EARC. Hivyo ni vituo vya serikali vya kupima watoto wenye shida za kujifunza, vilianza 1984, na wazazi wengi hawavijui kabisa, inaniudhi. Watampima mtoto, watakuuliza maswali mengi kuhusu alivyozaliwa na alivyoanza kuongea, na watakuandikia mwalimu afanye nini. Apimwe na masikio. Kinachomsaidia mtoto wa disleksia ni kufundishwa sauti za herufi taratibu, kidogokidogo, kila siku, na mtu mwenye subira. Kama unazo hizo pesa kweli, mtafutie mwalimu wa kukaa naye nusu saa jioni, elfu 90 italipa mwalimu miezi mingi sana na ng'ombe abaki.

Na hao waliosema "macho hayaongei na ubongo", warudie uwaulize jina la ugonjwa kwa maandishi na vipimo walivyopata. Wakikosa namba za kukuandikia, umeshapata jibu.

Daktari, niko Lanet, Nakuru. Binti yangu ana miaka 12 na ni msomaji, si eti hajui. Lakini tangu mwaka jana akisoma kama dakika 15 anaanza kushika paji la uso, anasema herufi zinatembea na zingine zinakuwa mbilimbili, anafunga jicho moja kwa mkono. Shuleni walimpima wakasema yuko sawa. Mamake anasema ni simu. Mimi nasema ni ujanja wa kukwepa homuwaki. Nani ako sawa?

Hakuna mshindi hapo baba, lakini ukitaka kura yangu mamake yuko karibu kidogo kukushinda.

Mwambie akae mbele yako, mchana, penye mwanga. Shika kalamu wima usawa wa pua yake, urefu wa mkono, umwambie aangalie ncha na akuambie ikiwa mbili. Isogeze polepole kuelekea pua. Wewe usiangalie kalamu, angalia macho yake. Macho mawili yanafaa kuingia ndani pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe, mpaka kalamu ibaki kama sentimita 5 kutoka puani. Ukiona kalamu bado iko mbali, sentimita 10 au 15, na jicho moja linaachilia, linateleza nje kama limechoka kubeba mzigo, au yeye mwenyewe anasema "sasa ni mbili", basi nafikiri umeipata. Macho yake yanashindwa kukutana karibu. Chati ya shule haiwezi kuona hiyo kitu hata siku moja, mbali macho hayahitaji kukutana.

Na hapa sasa ndipo therapi inafanya kazi, nasema bila kupepesa. Kabla ya ule utafiti wa 2019 huko Marekani walikuwa wamefanya mwingine uliotoka 2008, watoto 221 wa miaka 9 hadi 17. Waliokuja kliniki saa moja kila wiki kwa wiki 12, na nyumbani dakika 15 siku tano za wiki, asilimia 73 walipona au wakapata nafuu kubwa. Waliopewa mazoezi ya kuigiza, asilimia 35. Wale waliotumwa nyumbani tu na kalamu wasogeze puani kila siku, 43, yaani hawakutofautiana sana na wa kuigiza, kwa hivyo ile "enda ufanye zoezi la kalamu" ambayo hata mimi nilikuwa napeana nikiwa na foleni ndefu haitoshi. Nimeacha.

Zoezi lenyewe halina maajabu. Moja nalopenda ni kamba na shanga tatu za rangi. Unafunga kamba kwa kitasa cha mlango, mtoto anashika ncha ingine puani, anaangalia shanga ya kati. Macho yakifanya kazi pamoja ataona kamba mbili zinapishana pale pale kwenye shanga, kama alama ya X. Jicho moja likilala anaona kamba moja tu, na hawezi kukudanganya kwa sababu hajui jibu gani ndilo zuri. Kisha shanga inasogezwa karibu wiki baada ya wiki. Mara ya kwanza binti atakuambia kichwa kinauma, ni kawaida, ni kama miguu baada ya kulima.

Lakini kwanza apimwe vizuri kwa matone, maana wakati mwingine ni miwani tu anahitaji na hayo yote yanaisha. Akianza therapi mwulize mtaalamu mapema itachukua wiki ngapi na atapima nini kuonyesha anapona. Wiki 12 mpaka 16 ni mazungumzo ya maana. "Tutaona tu tukiendelea" si mazungumzo. Na tafadhali mwombe msamaha kwa ile ya homuwaki.

Mimi ni nyanya, niko Mbale, Vihiga, nalea mjukuu wa kike wa miaka 4, mamake yuko Nairobi kazi. Jicho lake la kushoto linaangalia ndani, si kila wakati lakini akichoka. Hapa kijijini wanasema litanyooka akikua, na mwingine anasema makengeza ni bahati. Nifanyeje?

Nyanya asante kwa kuniandikia na pole kwa kulea mara ya pili. Usingoje anyooke. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 4 macho yanaweza kuzurura, hiyo tunaachilia, lakini baada ya hapo jicho linaloenda ndani au nje ni la kupelekwa hospitali, tena wiki hii, na wewe Sabatia ni jirani yako kabisa.

Nikueleze kwa nini naharakisha. Macho mawili yakiangalia mahali tofauti ubongo wa mtoto unapata picha mbili, unachanganyikiwa, basi unachagua jicho moja na lile lingine unalizima. Jicho lenyewe ni zima, halina doa, lakini ubongo umeacha kulisikiliza, tunaliita jicho vivu. Akiwa mdogo hivyo tunaweza kuurudisha. Mara nyingi anaanza na miwani, na kwa wengine miwani peke yake inanyoosha jicho, utashangaa. Ikibaki shida tunaziba lile jicho LINALOONA VIZURI kwa kiraka ndio lile vivu lifanye kazi, na usiogope kwamba ataziba kutwa nzima. Uchunguzi wa 2003 kwa watoto chini ya miaka 7 ulionyesha kwamba jicho likiwa vivu kwa kiasi cha wastani saa 2 kwa siku zinasaidia sawa na saa 6. Hizo saa mbili mpe kazi ya macho na mikono, achague maharagwe, achore, atunge shanga. Atalia siku ya kwanza na kukitoa. Kirudishe. Hata baada ya miaka 7 wengine bado wanapata nafuu, lakini kadiri unavyongoja ndivyo kazi inakuwa ngumu.

Kitu kingine, na hapa naomba usicheleweshe hata siku. Mkimpiga picha kwa simu yenye flashi, mboni ya jicho moja ikitoka nyeupe kama jicho la paka badala ya nyekundu au nyeusi, au ukiona weupe ndani ya jicho jioni kwenye taa, mpeleke kesho asubuhi. Inaweza kuwa saratani ya jicho la watoto. Ikigunduliwa mapema inatibika, na mara nyingi ni mama au nyanya ndiye anaiona kabla ya daktari. Makengeza pia huwa dalili yake wakati mwingine, ndio maana simwambii mtu yeyote angoje.

Nina miaka 14, nasoma shule ya kutwa Kisumu. Nimepewa miwani lakini naivaa nyumbani tu, shuleni wananiita macho nne. Na shangazi anasema nikiivaa sana macho yatakuwa dhaifu na nitaitegemea maisha yote. Ni kweli?

Si kweli mdogo wangu, na shangazi usimjibu vibaya, wengi waliambiwa hivyo. Miwani haidhoofishi jicho. Unachokiita kutegemea ni kwamba sasa umejua dunia ina majani kwenye miti, na ukiivua unakumbuka ukungu uliokuwa nao siku zote. Ivae darasani hasa, ubao hausomwi nyumbani. Hao wa macho nne, nimepima madarasa ya kutosha kujua kwamba kuna mmoja wao pia haoni ubao na anakopi kwa jirani.

Mimi ni mwalimu wa gredi ya 3 karibu na Kitale. Tuna watoto 62 darasani. Nawezaje kujua nani haoni bila kuwa daktari? Na nikijua, wazazi hawawapeleki.

Mwalimu, wewe uko mahali pazuri kwa swali hili kuliko unavyojua. Kaunti yako ya Trans Nzoia ndiyo ilifanyiwa utafiti mmoja mkubwa wa kupima macho ya wanafunzi kwa simu, ukiongozwa na daktari wa macho Hillary Rono wa hapo Kitale. Shule 50 za msingi za serikali, watoto zaidi ya 20,000, na waliopima walikuwa walimu kama wewe, na katika nusu ya shule hizo walifundishwa kutumia Peek, programu ya kupima macho kwenye simu ya kawaida. Mtoto anaonyeshwa herufi E imegeuzwa upande huu au ule, anaonyesha kwa kidole miguu yake inaelekea wapi, hata asiyejua kusoma anaweza.

Na kuhusu wazazi, hapo ndipo utafiti ule ulinifurahisha. Shule za upande mmoja mtoto aliyeshindwa alipewa barua ya kawaida ya kwenda hospitali. Upande mwingine wazazi walipewa picha iliyochapishwa inayoonyesha mtoto wao anavyoona ubao, ukungu wote ule, na wakakumbushwa kwa SMS. Wa barua, asilimia 22 walifika hospitali. Wa picha na SMS, asilimia 54. Kwa hivyo usimwambie mzazi "macho yake si mazuri", hajui hiyo ni nini. Piga picha ya ubao wako kwa simu ikiwa haijatulia, imetoka chapa mbaya, umwonyeshe siku ya mkutano, umwambie mama, mtoto wako anaangalia hii kutwa. Atanyamaza. Kisha mkumbushe tena wiki ijayo.

Darasani angalia anayekunja uso akitazama ubao, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayefuata mstari kwa kidole wakati wenzake wameacha, anayekopi kwa jirani na ukimwita mbele anasoma vizuri. Na anayefikicha macho kila mara yakiwa mekundu, huyo mara nyingi ni mzio, anahitaji dawa ya hospitali, asinunuliwe matone yoyote ya dukani kwa sababu mengine yana steroidi na yanaharibu jicho kimyakimya.

Ukipima kwa chati usiwapange foleni mbele yake, mwite mmoja mmoja wengine wakiwa nje, na jicho lifunikwe kwa kiganja chenyewe, vidole huwa vinaachia mwanya. Nilijifunza hiyo kwa kijana mmoja, zamani, wa sita kwenye foleni. Alisoma jicho la kulia mpaka mstari wa chini bila kukosea. La kushoto hivyohivyo. Nikaona ananiangalia mimi badala ya ukuta, nikamfunika yote mawili kwa viganja vyangu nikamwambia haya soma tena, akaendelea, herufi kwa herufi, mpaka chini.